Muvure wa Ndahiro

Kila mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza, Mukabera hutoa vyombo vyote vya stoo uani, akafagia na kupaka kuta chokaa. Mwaka huu Belise, binti yake, alikuja Gisenyi kumsaidia. Akauburuta nje muvure, ile hori ya mbao ya kukamulia ndizi.

"Mama, hii tutupe. Juzi iko kwa duka, na hapa nafasi iko kidogo."

"Ngoja kwanza. Papa yako alichonga mwenyewe."

Marehemu Ndahiro aliuchonga mwaka waliporudi kutoka Masisi. Jumamosi alikamua ndizi kwa majani makavu, na majirani wakaja na vikombe vyao bila kuitwa. Tangu afariki, hakuna aliyeugusa.

Kesho yake Mukabera alinunua ndizi mbivu sokoni. Walikamua wawili mpaka mikono ikawauma, na juisi ikatoka kidogo tu. Mukabera akainywa polepole, machozi yakimlenga.

Belise alimaliza kikombe chake, akaomba kingine. Kisha akagawa madumu ya plastiki kwa jirani, muvure ukapata nafasi ndani.