Siku Niliyolala Chali

Upasuaji wa kwanza ulinipunguza mwili lakini ukaniachia moto kifuani. Nilifanyiwa Nairobi. Walikata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wakabakisha kijifuko chembamba kama mkono wa shati. Mwanzoni nilifurahi sana. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, na kila baada ya muda nilikuwa nikijipunguzia magauni yangu mwenyewe, wateja wakinitazama kwa wivu.

Kisha kiungulia kikaanza. Nikiinama kuokota sindano, maji machungu yanapanda hadi kooni. Nikilala, nashtuka nikikohoa. Nikahamia kwenye sofa, nikawa nalala nimeketi. Mume wangu naye akahamia kiti cha pembeni, akidai kitanda kimekuwa kikubwa kama uwanja wa mpira. Dawa zilinisaidia, halafu zikaacha kunisaidia. Uji na maziwa ndivyo vilivyotuliza koo, basi nikawa navinywa kutwa, na uzito ukaanza kurudi kimyakimya.

Daktari mmoja wa hapa mjini alinipitishia kamera kooni, kisha akatuchorea picha.

"Hiki kijifuko kina presha. Ndiyo inasukuma asidi juu," alisema. "Tutatenga kipande kidogo cha juu, tukiunge na utumbo. Asidi ibaki huko chini."

"Na hii nayo ikiharibika?"

"Siwezi kukuahidi kila kitu, Mama. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, na vitamini utameza maisha yako yote. Lakini wengi wenye shida kama yako hupata nafuu."

Tulipotoka nilimwambia mume wangu sikatwi tena. Hakubishana. Alitembea kidogo, akasema, "Mama watoto, wewe gauni likikosewa hulitupi. Unalifumua."

Nilirudi kwa yule daktari. Nikakatwa.

Sikumbuki mengi ya hospitali, isipokuwa muuguzi aliyenitembeza ukumbini akinisifu kama mtoto anayejifunza kusimama, na mimi nikicheka huku nimeshika tumbo, maana kucheka kuliuma. Nyumbani niliendelea na sofa. Nilikuwa nimeizoea hofu kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Mchana mmoja, nikitandika kitanda, shuka ilinivutia. Ilikuwa imetoka kuanikwa, ina joto la jua. Nikalala chali, bila mto, nikasubiri moto. Nilisubiri nikiwa nimekunja ngumi. Dari ilikuwa na doa la mvua ambalo sikuwahi kuliona. Hakuna kilichopanda. Nikajigeuza kushoto, nikajigeuza kulia, nikalala kifudifudi taratibu kwa ajili ya kidonda. Hakuna kitu. Kicheko kikanitoka chenyewe.

Mume wangu alikuja mbio akidhani nalia.

"Lala hapa," nilimwambia.

"Saa hii? Na viatu?"

"Na viatu."

Akalala. Tukawa tunatazama lile doa, tukicheka hadi machozi, kila mmoja akimwambia mwenzake anyamaze. Ndipo mlango wa chumba ukafunguka. Mama mkwe alikuwa ametoka Sondu kuja kuniona mgonjwa, na kwapani alikuwa na kuku mzima. Alitutazama, watu wawili wazima, mchana kweupe, mmoja na viatu.

"Mmelewa?" aliuliza.

"Hapana, Mama," nilisema. "Nimelala."

Mume wangu alijaribu kumweleza, akashindwa kwa kicheko, nami nikamalizia. Alipoelewa, alikaa ukingoni mwa kitanda na kumwachilia kuku bila kufikiri. Kuku akarukia mto wa kulalia. Tulimfukuza chumba kizima, mimi nikielekeza tu, nimejilaza kama malkia.

Baadaye Mama mkwe alimpika. Nilikunywa mchuzi kikombe kidogo, taratibu, nikasema nimeshiba. Alikiangalia kile kikombe kwa huzuni.

"Hii ni chakula ya paka, nyathina," alisema. Mwanangu, ndivyo anavyoniita kwa Dholuo. Lakini alipompigia dada yake simu, nilimsikia kupitia dirisha la jikoni. Alimwambia kwamba mkaza mwana wake hali kitu, na mwanawe amepotelewa na akili, na kwamba hajawahi kuiona nyumba yao ikiwa na furaha namna hii.