Maneno Yaliyofika Jikoni

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Ijumaa, harufu ya gundi mpya ya mbao iliingia nyumbani kwetu Kamembe. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na saa hiyo naikumbuka kwa sababu juma lile lile nilikuwa nimejifunza kusoma mishale ya saa ya ukutani, nikawa naandika kwenye daftari saa ya kila jambo. Harufu ilikuja na Maman Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu, upande wa Kongo, aliyevuka daraja la Rusizi kuja kwetu Rwanda kila juma. Mpagazi wake alibeba jozi mbili za spika, au bafle, kama tulivyoziita. Kubwa zilinifika kiunoni. Ndogo zililingana na katoni za sabuni. Kubwa ziliuzwa faranga elfu tisa, ndogo elfu tano na mia tano. Alituachia zote tuzijaribu hadi Jumapili jioni.

Fedha zilikuwa za mama. Alizikusanya mwaka mzima kwa kuuza sambusa, naye alikuwa na sababu moja tu. Mdogo wake, mama mdogo Mwajuma, aliolewa Bujumbura, na kila baada ya miezi kadhaa alitutumia kasete kwa mkono wa wasafiri waliopitia Ruhwa, mpakani na Burundi. Upande mmoja aliimba kaswida na wanawake wenzake. Upande wa pili alizungumza tu, habari za watoto, za mvua, za bei ya mchele, polepole kama mtu anayechambua maharagwe. Lakini spika ya redio yetu ilikuwa imechanika, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Mama alitaka kumsikia mdogo wake huku mikono ikiwa kazini, na kazi yake ilikuwa jikoni, ng'ambo ya ua, hatua kumi na tisa kutoka saloni, sebule yetu, redio ilipokaa. Nilizihesabu. Bafle zenyewe hazingeweza kuhamia huko. Waya ulikuwa mfupi, na moshi ungezila.

Baba, aliyekuwa fundi cherehani, alizijaribu siku hiyo hiyo pamoja na jirani yetu Papa Idi, fundi wa baiskeli. Waliweka kasete ya magitaa ya Kongo, vikombe vikaanza kutetemeka kabatini.

"Sikia ile besi!" Papa Idi alipiga kelele. "Hii njo bafle ya mwanaume. Zile zingine ni za batoto."

"Hata ukuta unatikisika," baba akasema kwa fahari.

Mama alikuwa akiwaletea chai. "Basi ukuta umefaidi," alisema. "Debe tupu haliachi kuvuma."

Walicheka sana, na baba akasema tutachukua kubwa.

Jumamosi alasiri ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukachanganyika na moshi wa kuni na harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa kwa jirani, hata ua wetu ukaonekana kama mahali ninapopaota. Nililala kwenye mkeka jikoni, karibu na mama. Baba aliweka kasete ya Bujumbura, upande wa mazungumzo, na kilichovuka ua kutufikia kilikuwa mngurumo laini, kama moyo unaopiga ndani ya mto wa kulalia. Mama aliacha kukunja sambusa, akainamisha kichwa.

"Anasema nini?"

"Sijui, mama. Du, du, du."

Akarudi kwenye unga wake. "Mwaka mzima," alisema, lakini hakuniambia mimi.

Jumapili baba alisinzia baada ya chakula. Nilichomoa nyaya kwenye bafle kubwa, nikaziunga kwenye ndogo, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, nikawasha kasete ya Bujumbura, nikarudi jikoni na daftari ili niandike kila neno litakalofika. Sauti ilikuja nyembamba na kavu, lakini ilikuja na maneno. Niliandika: "mtoto," "meno," "halali." Baadaye niliacha kuandika, kwa sababu mama alikuwa anajibu.

"Alhamdulillahi! Meno mangapi, Mwajuma?"

Baba alizinduka. "Nani amegusa waya?"

"Baba Zuhura, njoo ukae hapa kidogo," mama akaita. Akampa kigoda chake, na kisu, na vitunguu, kisha akanituma nirudishe kubwa, halafu ndogo tena. Sijui kama baba aliwahi kukaa pale kabla ya siku hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Machozi yalimtoka kwa vitunguu na moshi.

"Kubwa ilipopiga, sikusikia hata neno moja," alisema hatimaye. Akaendelea kukata.

Papa Idi alipopita jioni alimcheka. "Unachukua za batoto?"

"Nenda kasikilize jikoni."

"Jikoni? Mimi ni mwanaume!"

"Na mimi niliyetoka huko ni nani?"

Maman Furaha aliondoka na bafle kubwa. Kwa fedha iliyobaki mama alipanda gari hadi Ruhwa, akavuka, akakaa siku nne kwa mdogo wake.

Baadaye nilijisomea mwenyewe, katika vitabu vya mitumba, kwamba mngurumo hupenya ukuta kirahisi, ilhali sauti nyembamba zinazotenganisha neno na neno hupotea njiani. Mtu akiniuliza leo anunue spika gani, namuuliza kwanza atakuwa ameketi wapi. Siku hizi sauti ya mama mdogo, ambaye sasa ni mzee, hunifikia kwenye simu ikiwa safi kuliko kasete zote zile, nami mara nyingi naikatiza katikati kwa sababu nina haraka. Mama hakwenda tena Bujumbura baada ya safari ile. Nimenunua vyombo vingi tangu wakati huo, vyote vya bei kubwa zaidi, na hakuna kilichotupa kingi kama tofauti ya bei ya Jumapili ile: faranga elfu tatu na mia tano.