Kiti cha Kushoto

Mahakama ya Lilongwe ilitamka kwamba dereva wa pikapu ya kanisa letu la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliyekutwa akiendesha amelewa siku habari za vita vya kwao Uvira, Kongo, zilipofika, ni hatari kwa watumiaji wote wa barabara, na asishike usukani mwaka mzima. Kampuni ya bima nayo ikamkataa, ikamkubali pasteri, ambaye hanywi na hajawahi kupata ajali. Ni kweli. Leseni anayo, ila tangu siku ya mtihani hakuwahi kuendesha.

Kwa hiyo tukipeleka wagonjwa hospitali, dereva hukaa kushoto, upande ambao kule Uvira ndio uliokuwa na usukani. Hufuta vumbi la dashibodi kwa kiganja, hukohoa kabla ya kila kona, na mguu wake umekanyaga pasipo na pedali mpaka zulia limetoboka. "Pole-pole, pasteri. Hii njo gari, haiko mimbari." Mkono wake wa kulia hauachi breki ya mkono. Siku tuliyomkimbiza Mama Gaju kujifungua, kabaza, baiskeli ya teksi, yenye abiria ilikatiza mbele yetu. Pasteri akaachia usukani, akainua mikono yote miwili: "Yesu!"

"Yesu hana permis! Shika usukani!" Dereva akavuta breki, tukasimama. Mwenye kabaza akamshukuru pasteri, "Zikomo," akaenda zake. Mama Gaju alijifungulia hospitali, salama.

Mwaka ulipokwisha, kampuni ilimpunguzia pasteri ada ya bima, kwa kuendesha bila ajali.