Tulivyochelewa Bukene

Mama aliingia kwenye Landrova na vikapu viwili. Kimoja kilikuwa na mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai, chakula cha njiani. Cha pili alikipakata mapajani, amekifunika kanga, wala hakukubali nikiweke nyuma. Hatujatoka hata mtaani kwetu Mtendeni nikasikia harufu ya karafuu maiti.

"Mama, umebeba nini humo?"

"Vitu vya dada."

Dada yake, mama yangu mkubwa, alikuwa mgonjwa Bukene. Jioni ya jana yake mtu aliyeshuka kwenye treni alituletea habari kwamba hali yake si nzuri na kwamba anamtaka mdogo wake. Treni ya kwenda huko ilikuwa imekwisha kuondoka. Nami nilijua, kama ukoo mzima ulivyojua, kwa nini anamtaka. Walizaliwa mabinti wawili tu, wakaahidiana tangu usichana kwamba atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki. Halikuwa jambo la kunong'onezana. Mama mkubwa akija Tabora kwa Idi, akimkuta mama anafua nguo kwa nguvu zake zote, humwambia, "Siku yangu usije ukanisugua hivyo." Basi hucheka mpaka wakashikana mabega.

Kikapuni mlikuwa na sanda, pamba, ubani, marashi na majani makavu ya mkunazi. Nilipofunua pembe ya kanga nikaviona, nilikasirika. Kwetu mgonjwa hapelekewi sanda. Hupelekewa maziwa, kuku, na maneno ya kumtia moyo. Sanda ni uchuro.

"Mtu bado anapumua, mama, na wewe unamchuria."

"Simchurii. Nilimpa neno langu. Akipona nitarudi navyo, tutavicheka." Akaifunika kanga vizuri. "Wewe endesha, mwanangu. Endesha upesi."

Hapo ndipo nilipoharibu, ingawa wakati ule nilijiona mwenye akili. Niliamua kwamba kukimbiza gari ni kukubaliana na kile kikapu. Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa huenda kwa utulivu; mwenye kukimbia ni mwenye msiba. Kwa hiyo nitakwenda polepole, na kwa polepole yangu mama mkubwa atakuwa hai. Nilikuwa nimesoma chuo cha kilimo, nikifundisha watu habari za mbegu na mbolea, lakini hilo niliamini kabisa. Mama alipolalamika nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akageuza uso dirishani.

Lakini nisijitetee sana kwa uchuro. Kulikuwa na jambo la pili, nalo ni majivuno. Ilikuwa enzi ya vijiji vya Ujamaa, na kijana aliyeshika usukani wa gari la serikali alijiona nusu waziri. Mkuu wangu wa kazi aliniruhusu kulichukua gari kwa sharti kwamba nipitishe sanduku la vitabu vya kisomo cha watu wazima huko Puge. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda na gari lile bila mkubwa kukaa pembeni yangu. Nilitaka siku iwe ndefu.

Masika yalikuwa yamekolea. Kabla ya Puge tukapata pancha. Nilishuka, nikafungua gurudumu, nikaweka la akiba, na katika nusu saa tukawa tunakwenda tena. Mama alinishikia spana na kunisomea dua. Puge tulifika kiasi cha saa tatu asubuhi. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari miwili, matope ya kuta hayajakauka sawasawa. Mwenyekiti alitupokea kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kienyeji, na kwa "Ndugu" kwa pamoja, akataka nikaone shamba la kijiji. Hilo nililikataa, na mpaka leo najipongeza kidogo. Nikashusha sanduku, tukaondoka.

Ila wakati nashusha, mwenyekiti alinieleza juu ya majabali yaliyo mbele ya safari yetu, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Alisema misafara ya kwenda ziwani ilikuwa ikipumzika pale, na kwamba mwaka huu mbuga imejaa maji hivi kwamba ukipanda juu huoni mwisho wake. "Ni kuacha barabara kidogo tu," alisema.

Babu yangu alikuwa mpagazi. Tangu utotoni nilisikia habari za njia ile na mizigo yake. Nilipoona mawe yenyewe upande wa kushoto, meusi kwa mvua, nikakata kona bila kumuuliza mama.

"Tunakwenda wapi?"

"Hapa tu, mama. Ukanyooshe miguu."

"Miguu yangu haina neno."

Nilicheka, nikaendelea. Tulipofika chini ya majabali nilishuka, nikamfungulia mlango, nikampa mkono kama mheshimiwa anayepokewa kwenye mkutano wa hadhara. Akakiacha kikapu kwenye kiti na kupanda. Alijua nikishaamua jambo sisikii, na nadhani aliona kupanda ndiyo njia ya kulimaliza mapema.

Sijui nikieleze vipi nilichokiona. Mbuga yote ilikuwa maji, maji tulivu yenye mayungiyungi meupe na ya zambarau, na miti ya migunga imesimama humo imezama mpaka magotini. Yangeyange walikuwa wengi kiasi cha kuyafanya majani ya mbali yaonekane yamemwagiwa unga. Korongo wenye taji walikuwa wakichezacheza wawili wawili. Mbali kidogo mchungaji mmoja wa Kisukuma alikuwa akivusha ng'ombe, maji yakiwafika matumboni, naye anaimba, na sauti yake ilitufikia juu kana kwamba yuko karibu yetu. Mvua ilikuwa ikinyesha upande mmoja tu wa mbuga; upande wetu jua lilikuwa linawaka.

"Mungu fundi," mama alisema.

Tulikaa juu ya jiwe. Mwenye baiskeli alipita chini barabarani na madumu ya asali, akatupungia mkono, nasi tukampungia. Mama akasema, "Haya, tumeona. Twende." Nikasema bado kidogo. Baadaye akasema tena, "Twende, mwanangu." Nilikwenda upande wa pili wa jabali kutafuta mahali ambapo wapagazi walikoka moto. Nilipata mawe matatu ambayo yangeweza kuwekwa na mtu yeyote, hata juzi. Aliponiita mara ya tatu, hakuniita mwanangu. Aliniita kwa jina langu, nami nikashuka.

Nimeona mengi tangu siku ile, na sijaona kitu kizuri kama kile. Hilo linaniudhi. Ningependa kukumbuka kwamba palikuwa pa kawaida.

Tuliporudi kwenye gari na kugeuza, magurudumu ya nyuma yakadidimia. Njia niliyoijia ilikuwa ngumu juu na uji chini. Nilikata matawi, nikatandika mawe, nikachimba kwa jembe, na kila nilipokanyaga mafuta gari lilizidi kukaa chini. Mama aliinua kanga yake mpaka magotini akasukuma, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, matope yakamrukia mpaka kwenye mtandio. Hakunisema. Ningefarijika kama angenisema. Karibu saa saba wakatokea watu waliokuwa wakirudi kutoka kulima, kama kumi hivi, wakatuinua na gari letu kwa wimbo mmoja.

Kutoka hapo nilikimbiza. Sikukumbuka tena habari za uchuro. Mama alikuwa amekikumbatia kikapu kwa mikono miwili, midomo yake ikicheza bila sauti.

Tuliingia Bukene saa tisa na nusu. Nje ya nyumba ya mama mkubwa wanaume walikuwa wakinawa udongo miguuni. Sikuhitaji kuambiwa. Mama alishuka kabla sijasimamisha gari sawasawa, akaingia ndani na kikapu chake, na vilio vilivyokuwa vimetulia vikaanza upya.

Mama mkubwa alikata roho asubuhi, baada ya jua kutoka. Wosia wake ulijulikana, kwa hiyo walimsubiri mama mpaka adhuhuri ikapita. Maiti hacheleweshwi, na saa saba wakaona wamekwisha kufanya subira ya kutosha. Akaoshwa na majirani. Saa sita, kama nisingekata kona ile, mama angekuwa ameshafika, mikono yake iko ndani ya maji.

Binti mkubwa wa marehemu, ambaye kwangu ni dada, alitoka chumbani na macho mekundu. Alinipita bila kuitikia salamu, akamgeukia mama aliyekuwa ameketi mkekani.

"Mama mdogo, mwenye asali katuambia kaiona Landrova ya serikali kule kwenye majabali tangu asubuhi. Kasema watu wamekaa juu wanapunga upepo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mdomo wangu uko wazi, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema. Mama hakunitazama.

"Wallahi," alisema, "gari ndilo lililotuharibikia. Tulikaa pale juu tukingoja msaada."

Mama yangu hakuwa akiapa. Sisi watoto tukiapa kwa mchezo alitupiga mdomoni. Dada akamwangukia, wakalia pamoja, na mambo yakaishia hapo. Wanaume wakaniita barazani, wakanipa maji ya kunawa. Mzee mmoja akanishika bega na kusema mwanamume ni yule anayemfikisha mama yake hata kama gari limekataa. Nilisema ahsante.

Kuanzia kesho yake tulikaa matanga siku tatu. Kila nilipoletewa chakula nilikula, maana nilikuwa kijana na njaa haina haya. Mama alikuwa ndani pamoja na wanawake, nikimwona magharibi tu, akinywa uji. Nilidhani ni huzuni. Siku ya tatu, ya hitima, walipika pilau, nami nikachukua sahani moja nikampelekea mwenyewe uani, nikitaka kuwa mtoto mwema.

"Nimefunga," alisema.

"Funga gani, mama? Ramadhani bado."

Aliendelea kuchambua mchele uliobaki kwenye ungo. "Ya kafara ya kile kiapo. Kulisha masikini kumi sina uwezo, basi ni siku tatu. Leo ndiyo ya mwisho."

Nilisimama pale na sahani. Nilitaka kumwambia nitafunga mimi, au nitakwenda sasa hivi kumwambia dada. Nilikuwa na maneno yote mawili mdomoni. Mama aliinua macho, akaniangalia kwa upole ambao nisingeweza kuustahimili mara mbili.

"Nenda ukale na wenzako," alisema. "Pilau inapoa."

Nikarudi barazani. Walikuwa wamefika wageni kutoka Nzega, na yule mzee alikuwa akiwasimulia jinsi nilivyopambana na gari siku ile ya maziko. Wakanisogezea nafasi kwenye sinia. Nikanawa mikono, nikasema bismillahi, nikala.