Cherehani ya Mama Waifai

Uani walimwita Mama Waifai, na jina lenyewe alilipenda. Mtandao wake wa nyumbani ulikuwa wazi, hauna neno la siri, na vyumba vyote vya ua ule vilikunywa humo. Fundi aliyemfungia kisanduku cha mtandao alimwonyesha namna ya kuufunga, naye akaona haya. Amnyimeje jirani kitu kisichopungua kwa macho?

Riziki yake ilikuwa cherehani. Na cherehani hiyohiyo ndiyo aliyoiweka dhamana alipokopa mtaji wa vitambaa vya sare. Shule ikaghairi, vitambaa vikabaki robota kwa robota, nalo deni likaendelea kuzaa.

Asubuhi ile mkusanya madeni alibisha hodi. Alikuwa mtu mpole, viatu vimelika visigino, kamba begani.

"Mimi natumwa tu, mama. Nikikuachia wewe, nitabanwa mimi."

"Nivumilie kidogo, kaka. Natafuta."

"Tafuta. Mimi nipo." Akaketi kizingitini, akatoa simu. "Kumbe hapa kuna waifai ya bure." Akaipiga picha cherehani, akaituma ofisini kwao kwa mtandao wa mama huyohuyo.

Mama Waifai akainama juu ya kapu la vipande vya vitambaa alimolala mwanawe mchanga, akaifungua simu yake. Aliwahi kusikia kuna mikopo ya simu isiyotaka dhamana. Ukurasa ukazunguka kama pia. Chumba cha pili walitazama mpira, cha tatu muziki, na yeye mwenye kisima hapati hata tone. Akaweka neno la siri kwa mara ya kwanza.

Ua mzima ukanyamaza. Ukurasa ukafunguka. Mkopo alipewa, lakini wa kutosha mkanda wa cherehani tu, labda na uzi. Asiye na cha kuweka rehani hupimiwa kwa kijiko.

Vichwa vikachomoza milangoni.

"Mama Waifai, umetununia leo?" kinyozi wa chumba cha pili akatania. "Goli limekwama hewani huku."

Kisha akaiona ile kamba ikizungushwa kwenye cherehani.

"Mbona hukusema, dada?"

"Ningeanzia mlango gani?"

Mzigo ulikuwa mzito, basi kinyozi akashika upande mmoja, mkusanya madeni upande wa pili.

"Taratibu," Mama Waifai akawaambia. "Msiigonge ngazini."

Gari lililokuja kuichukua lilipoondoka nayo, kinyozi alibaki mlangoni akijikuna kisogo.

"Pole sana, dada. Mungu atafungua njia." Akatazama chini. "Sasa, hilo neno la siri…"

Akamtajia.

Ndani, mtoto aliamka akilia. Tangu azaliwe, usingizi wake wa mchana ulikuwa juu ya mlio wa cherehani. Mama yake akampakata, akaketi kwenye kiti chake cha kushonea kilichoelekea ukutani, na mguu wake, bila kuambiwa, ukaanza kukanyaga sakafu tupu.