Amour Aliyezaa Uzeeni

Mcha ni hamali wa bandarini Malindi. Mgongo mpana, maneno ya mzaha. Binti yake Abeer alipoletewa posa, Mcha hakuwa na mtu wa kuumeni, upande wa baba, wa kukaa naye kuipokea. Wa kwao Kizimbani wote wameshatangulia.

Alisema yeye ni ukoo mmoja na Khalil, muuza vitambaa. Babu yake na babu wa Khalil, kwa maneno yake, walizaliwa na Amour mmoja. Khalil hakutaka kusikia. Amour wao alizaa mtoto mmoja tu.

Marehemu mke wangu, Rukaiya, alikuwa dada yake Khalil. Yeye akimwita Mcha kaka, akimwekea kahawa. Sasa nyumba kimya.

Mjukuu wetu Asila anasoma takwimu chuoni Tunguu. Likizo hii aliuingiza ukoo wa bibi yake, majina na miaka ya kuzaliwa, kwenye kompyuta, akatazama kila baba alizaa akiwa na umri gani. Takriban wote baina ya miaka ishirini na arubaini. Amour peke yake, themanini na nane.

Khalil akafurahi. "Wanaume wa kwetu hao."

"Babu," Asila akamwambia, "wote wamezaa vijana, huyu ndiye akangoja mpaka meno yamng'oke?"

Tukacheka. Asila akaeleza kuwa mmoja akitengana hivyo na wenziwe, hapo pana watu waliorukwa. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina la babu yake: Amour, Khalil, Amour, Khalil. Anayehesabu nasaba kwa kichwa huteleza. Amour wawili wamefanywa mmoja.

Khalil akabisha. Tukaenda kwa shangazi yake, Bi Kazija. Akasema wakubwa wakimtaja Amour Mkubwa, aliyezaa mmoja, na mjukuu wake Amour Mdogo, aliyezaa wawili: babu yake Khalil na babu yake Mcha.

"Mbona hukutwambia, shangazi?"

"Nani kaniuliza? Mlikuwa mnajisifu."

Siku ya posa Khalil alifika kabla ya wageni, kanzu imepigwa pasi, akakaa kuliani kwa Mcha. Akawahoji wazee wa upande wa pili kazi ya kijana wao, sala zake, hata kama anakoroma. Wageni wakaanza kutazamana.

Mcha akaniinamia. "Shemegi, nlitaka mtu wa kuumeni. Sasa nnaye, nani atamnyamazisha?"

Nikamwambia avumilie. Posa ikakubaliwa, na aliyetoa jibu la ukoo ni Khalil.