Ruhusa ya Siku ya Mashujaa

Kiwandani kwetu Cheyo, mjini Tabora, tunakochuja na kufungasha asali ya Ipole, mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Julai iliyopita meneja, mgeni mjini, aliniita akasema tuadhimishe Siku ya Mashujaa. Alikuwa amesikia kwamba mlinzi wetu wa mchana alipigana vita vya Kagera.

"Tumsimamishe mbele ya wenzake, avae nishani, asimulie. Usimwambie, iwe sapraizi. Kisha tupige king'ora, tunyamaze dakika moja."

Nilijibu sawa, lakini sikutulia. Niliwahi kumwona mzee yule siku tairi la lori lilipopasuka getini. Alijitupa kifudifudi vumbini, mikono kichwani. Alipoinuka aliniomba nisimwambie mtu, nami nikaitunza siri hiyo. Sasa niliwaza king'ora kile, na wafanyakazi wote wakimkodolea macho.

Siku moja kabla ya maadhimisho nikaenda getini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekunja uso?"

Nikamweleza yote.

"Nishani ninayo," akasema. "Ila nikisimama pale wataniuliza niliua wangapi. Si kwa ubaya, watauliza tu. Kutoka huku tuliondoka wawili. Mwenzangu, wa Igalula, alibaki kulekule vitani. Dada yake yupo hai. Kila mwaka siku hiyo natamani kwenda kumsalimia, lakini nakuwa zamu."

"Hukuwahi kuomba ruhusa?"

"Ningesema naenda kufanya nini?"

Nilienda kwa meneja, nikakiri kwamba nimevunja agizo lake na kwamba mzee hataki kusimama mbele ya watu. Habari ya tairi sikuitaja. Aliuliza kwa ukali kwa nini nimeropoka, kisha akavua miwani.

"Mwenyewe anataka nini?"

"Siku moja ya kwenda Igalula, kumsalimia dada wa rafiki yake aliyekufa vitani. Na mimi naomba king'ora kisipigwe."

"Mpe. Isikatwe kwenye likizo yake. Na iwe hivyo kila mwaka."

Kesho yake, saa nne asubuhi, tulizima mashine. Meneja alisema maneno machache tu, kwamba mwenzetu mmoja yuko safarini kwa ajili ya rafiki yake aliyekufa vitani. Tukanyamaza. Muda wote nilikitazama chumba cha king'ora, nikihofu kuna ambaye hakupata taarifa. Hakikulia. Mama mmoja wa kufungasha alisimama mikono ikinata asali, machozi yakimtiririka, asiweze kujifuta. Baadaye aliniambia baba yake naye hakurudi. Miaka sita tumefanya kazi pamoja, sikujua.

Jumatatu mzee alinikuta ofisini.

"Nilimweleza yule dada jinsi kaka yake alivyokufa," akasema. "Alikuwa hajawahi kuambiwa. Alilia, kisha akaniandalia ugali. Ameniambia nisingoje mpaka mwakani."

Akaomba ruhusa ya siku moja Septemba. Nikaiandika palepale.